Ngwe ya Khatibu na Mbio za Ng'ambo

Dutwa,
S.L.P. Bariadi,
Mkoa wa Shinyanga.
Jumapili, 24 Februari 1974.

Mpendwa binamu yangu Januarius,

Mwangaluka huko uliko. Kama barua imekukuta jioni basi ni mwadila, chagua mwenyewe, maana sijui tarishi wa Dar es Salaam anatembea saa ngapi. Mwili haujambo? Shemeji Maua hajambo? Na huyo mtoto Marcelo ambaye hatujamtia machoni, ameshaota meno au bado anacheka kama babu? Kifua chako kimepoa? Shangazi Domitila, yaani mama yako, ameniagiza kutoka Nkoma nikuulize habari za kifua kabla ya neno lingine lolote, kwa hiyo nimeuliza. Usiponijibu hilo, atajua sikuandika, na mimi nitakosa maziwa ya mgando nikifika kwake.

Sisi huku mhola, salama tu. Mvua inakuja na kwenda kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa. Pamba imefika magotini. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama dume mwenye nyota usoni, na Milembe mdogo wangu amempa jina lako kwa sababu analia sana na hafanyi kazi yoyote.

Najua utaucheka mwandiko wangu. Cheka. Niliacha shule darasa la tano, lakini mwalimu mwenyewe alisema akili ninayo, ila nimeipangisha kwa watu wengine. Wewe uliyemaliza la saba, barua yako ya mwisho ilikuwa na mistari sita, na minne ilikuwa salamu. Sisi watoto wa shangazi na mjomba tumeruhusiwa kutaniana, basi vumilia. Barua hii ni ndefu. Isome kidogo kidogo kama mtu anayekula michembe ya viazi vikavu bila maji.

Nikupe kwanza habari ya maswali, maana ulipoondoka hayakuwepo. Sasa hivi ni palizi, na shamba la kijiji tunalipalilia kila siku isipokuwa Jumapili. Kila nyumba inatoa mtu, kila mtu anapimiwa ngwe yake. Khatibu mwenye duka, yule Mnyamwezi wa Tabora mwenye tumbo na kofia, naye ni mwanakijiji, kwa hiyo naye akapimiwa. Siku ya kwanza alikata magugu, akakata pamba, halafu akakata ncha ya kiatu chake. Akakaa chini, akavua kiatu, akakitazama kwa huzuni, na sisi tukakosa nguvu ya kulima kwa kucheka.

Mashimba unamkumbuka, ndiye nsumba ntale wetu, mkuu wa vijana wa elika ya kulima. Akamwendea akamwambia, "Mzee Khatibu, lipumzishe jembe. Wewe una redio. Utuletee habari za dunia, ngwe yako tutaipalilia sisi." Mwenyekiti wa kijiji alikuwa karibu. Akakohoa. Kikohozi cha mwenyekiti kwetu ni ruhusa.

Basi kila siku, tukipumzika kunywa uji, Khatibu anakaa juu ya debe lililopinduliwa na kutoa swali moja. Pengine ni la taarifa ya habari ya jana, pengine ni la michezo ya zamani, maana yule mtu kichwa chake kimejaa mabondia na wakimbiaji kama ghala la msimu mzuri. Kama kwenye mashindano ya ngoma, kijiji kinagawanyika pande zake mbili: Bagika wanatoa msemaji mmoja, Bagalu wanatoa mmoja. Upande ukishindwa, unapalilia ngwe ya Khatibu.

Sasa sisi unatujua. Siku ya kwanza Khatibu alitangaza, "Jibu sahihi ni la Constantine wa Bagalu," na watu wakamtazama kama mtu aliyeanza kula kabla ya kunawa. Lini mshindi ametajwa na mtu mmoja aliyekaa kwenye debe? Ngoma mbili zikipigwa uwanja mmoja, Bagika huku na Bagalu kule, mshindi si anajulikana kwa watu walikojaa? Mashimba akamweleza taratibu kwamba kazi yake ni kuuliza tu, jibu watalitafuta watu kwa miguu yao. Akina mama, wazee, wapita njia, hata mtu wa upande wa pili akishindwa kujizuia, kila mmoja aende kwa msemaji aliyempendeza.

Khatibu akasema, "Lakini redio imeshasema."

Mashimba akasema, "Redio haina miguu."

Msemaji wa Bagika ni mimi. Sijisifu, nakupa habari. Msemaji wa Bagalu ni Constantine, mwenye darasa la saba kama wewe, anayekuja shambani na kalamu mfukoni kana kwamba magugu yatataka kutiwa sahihi. Mwezi uliopita tuliulizwa ngumi za Ali na Frazier kule Amerika. Constantine akasimama wima akajibu kama karani, Ali ameshinda kwa pointi baada ya raundi kumi na mbili. Ni kweli, redio ilisema hivyo hivyo. Mimi nikasema Ali alimtwanga yule bwana mpaka akaanza kuwaita ng'ombe wake kwa majina, na nikaonyesha alivyokuwa akiwaita, mmoja mmoja, na yule mwenye pembe iliyovunjika akamwita mara mbili. Akina mama wote walihamia kwangu na vibuyu vyao. Constantine alipalilia siku hiyo huku anasema peke yake, raundi kumi na mbili, raundi kumi na mbili.

Tukaulizwa makao makuu ya Serikali yanahamia wapi. Kila mtu anajua ni Dodoma. Nikajibu Dodoma, kisha nikaeleza kwamba wameona Dar es Salaam imejaa watu kama binamu yangu Januarius, wanaovaa miwani ya jua kanisani. Nilishinda. Samahani, lakini nilishinda.

Kuna swali moja lilipita vibaya. Khatibu aliuliza habari za mwenzetu Akhwari kule Mexico, mwaka wa sitini na nane, mbio zile ndefu. Mimi sikujua, Constantine naye hakujua. Khatibu akaeleza mwenyewe, jinsi alivyoanguka akaumia goti, likafungwa kitambaa, wenzake wakamaliza, jua likazama, watu wengi wakaondoka, na yeye akaingia uwanjani anachechemea mpaka kwenye mstari. Mama mmoja akauliza, "Sasa huyo alishinda au hakushinda?" Hakuna aliyejua aende upande gani. Walibaki wamesimama katikati ya shamba na vikombe vya uji mkononi, kama mvua iliyosita. Siku hiyo ngwe ya Khatibu ilibaki na magugu yake.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Mashimba anaoa baada ya Pasaka, na mwenye mke haongozi tena elika, anapaswa kukabidhi fimbo kabla ya harusi. Mtu wa kupewa ni yule ambaye watu wanamfuata. Kila mtu alikuwa anasema ni Mayala. Mimi mwenyewe nilikuwa nasema zaidi ya wote.

Na fimbo ile kwangu haikuwa mapambo tu. Wewe unajua ng'ombe wa ukoo wetu wapo Kimali kwa baba mkubwa. Macho yake sasa yamekwisha. Anawajua ng'ombe kwa kuwapapasa, na ng'ombe wa kupapaswa ni wale waliorudi, waliopotea utawapapasaje. Pale panahitajika mtu wa nguvu mpaka mvua za mwakani. Kimali, binamu, ni mbuga na upepo na ng'ombe. Hakuna elika, hakuna Khatibu, hakuna redio, hakuna hata mtu wa kumdanganya. Baba, yaani mjomba wako Shigela, maneno yake unayajua ni machache. Alisema tukiwa tunakula: "Aliyechaguliwa na watu abaki na watu. Asiyechaguliwa aende na ng'ombe." Akachukua tonge lingine. Tangu hapo kila swali la Khatibu nilikuwa nalijibu huku naiona Kimali imekaa kando inanisubiri.

Basi jioni moja mwanzoni mwa mwezi huu mama alinituma chumvi. Nilimkuta Khatibu ameegemea kaunta, mkono mmoja kwenye redio kama mtu anayepima homa ya mtoto. Akaniashiria ninyamaze. Mtangazaji alikuwa anasema kwamba Filbert Bayi, kijana wetu wa Karatu, hapo ng'ambo ya mbuga tu, ameshinda mbio za mita elfu moja na mia tano huko Nyuzilandi, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola, na ameivunja rekodi ya dunia. Kisha akaeleza alivyokimbia. Alitoka mbele tangu mwanzo, akawaacha, akabaki mbele mpaka mwisho. Wa pili alikuwa mwenyeji wa huko huko, wa tatu Mkenya. Walimkaribia, hawakumfikia.

Khatibu akazima kuokoa betri. Halafu akaniambia kwamba huko Nyuzilandi jua linatangulia. Kwao ikiwa alasiri, sisi huku ndiyo kwanza tunakamua. Kwa hiyo wakati Bayi anakimbia, mimi labda nilikuwa nimekaa chini ya tumbo la ng'ombe mwekundu, nasinzia, na maziwa yananidondokea mguuni. Mtu anaweza kushinda dunia nzima na wewe hujanawa uso.

Nilitembea kurudi nyumbani bila chumvi. Niliisahau kauntani, na mama akanipa maneno yanayofaa. Lakini njia nzima, Januarius, nilikuwa nafikiri kitu kimoja, naomba usicheke, au cheka kidogo. Sisi watu tumezoea kutazama migongo. Mgongo wa ng'ombe machungani. Mgongo wa mtu kwenye foleni ya sukari. Mgongo wa mwalimu anapoandika ubaoni. Hata kwenye ngwe, wanaopalilia vizuri wako mbele yako na wewe unaona migongo. Sasa yule kijana aliona nini? Mbele yake hapakuwa na mtu. Palikuwa na njia tu, nyeupe au nyekundu sijui, na huko nyuma miguu ya watu inakuja. Je, mtu akiwa hivyo anasikia miguu ya wenzake au anasikia moyo wake? Anajuaje kama wako mbali au wako begani? Vumbi lilikuwa limetulia barabarani, jua limelala juu ya mitama, na mimi nilijaribu kukimbia mbele ya hakuna mtu. Mbwa wa jirani akanifukuza, ndipo nikajua mambo ya nyuma yanasikika vizuri sana.

Jumatatu yake uji ukaletwa, Khatibu akakaa kwenye debe, akajipangusa jasho ambalo hakulitolea kazi, akauliza: "Kijana wetu Bayi, kule Nyuzilandi, alishindaje?"

Habari ya ushindi ilikuwa imeshafika kwa kila mtu. Jinsi alivyoshinda, wengi hawakuisikia. Constantine alianza. Siku hiyo aliacha ukarani wake, alikuwa amejifunza kwangu, yule mwizi. Alisema Bayi alikaa nyuma kabisa. Akainama, akatembea kama chui kati ya mistari ya pamba, akawaonyesha wale wageni wanavyochoka mmoja mmoja, ndimi nje, halafu mwisho kabisa Bayi akafyatuka. Constantine alikimbia kweli, kalamu ikamdondoka. Akageuka akasema, "Mmewahi kuona ng'ombe anayetangulia mwanzo akatangulia mwisho? Anayetangulia ndiye anayekutana na simba." Wazee wakaguna kukubali. Kwa kweli hata mimi ningemfuata.

Mashimba akaja sikioni mwangu. "Sema hivyo hivyo, lakini ongeza. Sema alianguka, akaamka, akawapita. Watahama wote."

Binamu, uongo ulikuwa umeshafika kwenye meno. Kiatu kilikuwa kimeshamvuka Bayi, nyuki walikuwa wameshatokea, Mzungu mmoja alikuwa ameshapanda juu ya mti. Nilifungua mdomo. Lakini nikaiona ile njia tupu. Sikuweza kumweka mtu mbele ya yule kijana, hata mtu wa uongo.

Nikasema, "Bunduki ilipolia alitoka mbele. Akakaa mbele. Akafika mbele."

Watu wakangoja. Bibi mmoja mwenye kibuyu akauliza, "Na wengine je?"

"Walikuwa nyuma, bibi."

"Wakati wote?"

"Wakati wote."

"Hiyo nayo ni hadithi gani," akasema, akajitwika kibuyu chake akaenda kwa Constantine.

Wakamfuata. Akina mama, wazee, watoto. Milembe, mdogo wangu wa tumbo moja, alinitazama kwa huruma na akaenda. Bagika wenzangu wakaanza kujikuna, wakatazama juu, wakaenda. Mashimba alikuwa wa mwisho. "Mayala," akasema, "umetupeleka kwa Bagalu bila hata kamba." Naye akaenda, ila yeye alisimama katikati, maana ndiye mwamuzi.

Constantine akaita kutoka kule, "Wewe Bayi, mbona uko peke yako huko mbele?" Kicheko kilichotoka hapo kilifika barabarani.

Baba alikuwa amekaa kwenye mpini wa jembe lake. Hakwenda kwa Constantine, hakuja kwangu. Alikuwa anatazama upande wa Kimali.

Upande ulioshindwa unapalilia pamoja, ndiyo sheria. Niliwaambia Bagika wakae, mdomo ni wangu na ngwe nitaimaliza mimi. Nikachukua jembe nikaanza, wao bado wanakunywa uji. Ile ngwe, kwa kuwa ilikuwa imerukwa siku ya Akhwari, ilikuwa na magugu yenye kiburi. Nikapalilia. Pembeni sikuona mtu, mbele sikuona mtu. Nilisikia jembe langu, kisha nikasikia pumzi yangu, kisha kwa muda sikusikia kitu, na jua likawa kama limekaa karibu, na nikafikiri, labda ni hivi.

Halafu nikasikia jembe lingine nyuma yangu.

Sikugeuka. Nilisema moyoni, yule kijana kama hakugeuka na mimi sigeuki. Lakini lilikuwa jembe la ajabu. Linapiga udongo, linapiga jiwe, linanyamaza, linahema, linapiga tena. Hakuna Msukuma anayelima hivyo hata akiwa na homa. Nikafika mwisho wa mstari ndipo nikatazama. Alikuwa Khatibu. Kanzu ameipandisha akaifunga kiunoni, kofia imeelekea kisogoni, uso wote maji. Alikuwa ameacha nyuma yake njia pana isiyo na gugu wala pamba.

Nikamwambia, "Mzee, kaa chini, utakufa."

Akasema, "Mimi niliisikia ile redio. Nitakaaje kwenye debe?" Akavuta pumzi. "Na usinisemeshe. Nikisimama sitaanza tena."

Mtoto mmoja ndiye aliyeanza. Alipiga kelele kwamba Khatibu analima, akaja mbio. Wakaja watoto wote. Wakaja akina mama, wameziba midomo na khanga. Wazee wakaja kwa haraka ambayo sikujua bado wanayo. Bagika wakaja, Bagalu wakaja, wakatuzunguka, wanasukumana waone, na kila jembe la Khatibu likishuka wanaguna pamoja kama kwaya. Kule chini Constantine alikuwa amesimama na kalamu yake na debe tupu.

Akaja naye, mwisho. Mashimba akapanda juu ya kichuguu, akatazama kule, akatazama huku. Akauliza kwa sauti ya kazi: "Watu wako wapi?"

"Wako hapa," wakajibu, hata hawakugeuka.

Constantine akasema, "Si haki. Wamekuja kumwona Khatibu. Hawakuja kwa jibu."

Mashimba akamwambia, "Mwaka jana Bagalu mlileta fisi kwenye ngoma, mkatushinda. Nani aliwauliza kama watu walikuja kwa wimbo au kwa fisi?"

Constantine alifikiri. Si mtu mbaya yule, ana elimu tu. Akasema, "Basi sawa. Ila fisi wenu ana kofia." Shamba zima likalala chini kwa kicheko, na Khatibu akacheka mpaka ikabidi ashikwe. Bagalu wakaimalizia ngwe, ile sehemu iliyobaki na pamba.

Wakati tunarudi kazini, yule bibi wa kibuyu alinipita. Akasimama. "Huyo mtoto," akasema, "mbele wakati wote. Hakuogopa?" Nikamwambia sijui. Akaondoka anatikisa kichwa. Nafikiri ameiingiza ndani ya kichwa sasa, hiyo hadithi isiyo na hadithi.

Nikuombe kitu. Huko Dar es Salaam mna uwanja wa michezo wenye njia ya kukimbilia, nimesikia. Nenda siku moja asubuhi, kabla watu hawajajaa. Simama kwenye ile njia, tazama mbele, kimbia hata kidogo na hicho kifua chako. Mwambie shemeji Maua akimbie nyuma yako. Halafu niandikie unasikia nini. Usiniongezee nyuki.

Jana Jumamosi Mashimba alinikabidhi fimbo mbele ya watu. Ni fimbo ya kawaida, ina shanga chache na mahali pa kushika pamelainika kwa mikono ya wengi. Walinipigia ngoma. Constantine alinishika mkono akasema Jumatatu atakuja na fisi wake. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu, unanijua, lakini nikasema wabeja tu, asante basi. Watu walifikiri naumwa.

Usiku huo huo wakati wa kula nilimwambia baba, basi Kimali siendi. Sitaficha, nilisema kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. Baba akanawa mikono polepole. Akasema, "Nilisema aliyechaguliwa na watu abaki na watu. Umechaguliwa. Ng'ombe nao wanataka mtu. Nitakwenda mimi."

Unaona, Januarius, muda wote ule nilifikiri kama si mimi wa kwenda basi hakuna wa kwenda. Nilifikiri Kimali ingekasirika kidogo, halafu ingeondoka.

Leo alfajiri alinizungusha nyumba nzima. Akanionyesha ghala lipi linaanza kuliwa na lipi halifunguliwi kabla ya Juni. Akaniambia yule ng'ombe mwekundu anapiga teke la kushoto, jambo ninalolijua tangu utoto, lakini alilisema kama ni siri, na mimi nilisikiliza kama ni siri. Akaniambia homa ya mama ikirudi nimpeleke zahanati siku hiyo hiyo, nisimsikilize akisema haumwi. Akanikabidhi ngwe yetu ya shamba la kijiji, na pamba yetu ya hapa nyumbani, na watoto, na paa. Hatarudi kabla ya mvua za mwakani.

Nilimsindikiza mpaka njia inapogawanyika. Alikuwa na mkuki, kibuyu cha maziwa na blanketi lililokunjwa begani. Nilitaka kumwambia nitakwenda mimi. Nilikuwa nalitafuta neno la kuanzia, mimi ambaye sijawahi kulitafuta neno. Akasema, "Rudi. Magugu ya nyumbani hayajui kwamba wewe ni mkubwa." Akaenda. Nilisimama mpaka blanketi likawa dogo.

Tulikwenda misa, tukarudi. Mama akapika ugali wa mtama na mlenda. Tulikaa kama kawaida, mimi mahali pangu pembeni, karibu na mlango, ambapo mtu akimaliza anatoroka kazi. Mama akaleta maji ya kunawa. Hakuyapeleka mahali pa baba. Aliyaleta kwangu, akasimama ameinamisha birika, anangoja. Nikatazama huku na huku. Milembe alikuwa amekunja mikono magotini, na wale wadogo wawili wameshikilia njaa yao kimya. Chakula kilikuwa kinatoa moshi na hakuna aliyekigusa. Wote walikuwa wananitazama mimi nianze.

Nikanawa.

Barua imeishia hapo, na mkono umechoka kuliko wa jembe. Kama kiwanda kitakupa ruhusa mwezi wa Juni, njoo utusaidie kuchuma. Sisemi kwa utani.

Mama anakusalimu sana na anasema shemeji Maua asikuache ulale kifua wazi. Milembe anakusalimu, ndama wako pia. Mashimba anasema harusi yake isikupite. Khatibu anakusalimu kwa mikono miwili, yote ina malengelenge, na anauliza kama huko kwenu betri zinapatikana. Shangazi Domitila nitampelekea salamu zako Nkoma ukishaniandikia habari za kifua. Mbusu Marcelo, umwambie ana baba mkubwa huku.

Mungu awafunike wewe na nyumba yako, awape riziki isiyo na vumbi, na amfikishe baba salama Kimali.

Ni mimi akupendaye hata ninapokucheka, binamu na mtani wako,

Mayala ng'wana Shigela